Nani Mwingine Anamwona Mtoto? Mjadala wa Kusomeshea Nyumbani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 26, linampa mzazi haki ya kutangulia wengine katika kuchagua aina ya elimu atakayopata mwanawe. Mzazi wa Mombasa au Nairobi anayeamua kumsomesha mtoto nyumbani hushika mkononi karatasi hii ya pili, na chifu akija kubisha hodi humwonyesha ile ya kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iko upande wa chifu: mzazi lazima amwandikishe mtoto shuleni, iwe ya umma au ya binafsi, na asipofanya hivyo ametenda kosa. Nyumba haikutajwa.

Nimewaketisha watu wanne walijadili jambo hili. Ni watu wa kubuni, lakini hakuna hata mmoja wao anayesema lisilosemwa kwenye mabaraza na vikao vya wazazi vya Pwani. MAMA alikuwa mhasibu, akaacha kazi ili awafundishe wanawe wawili. MWALIMU ni mzaliwa wa Lamu aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya umma. JIRANI anauza mahamri na viazi karai, na watoto wake wanasoma shule hiyo hiyo. BINTI alisomeshwa nyumbani tangu utotoni na sasa yuko chuo kikuu. Mimi nitaingia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MAMA: Wanaosema nimeikimbia shule wananisingizia. Shule ndiyo iliyonirudishia mtoto. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 Rais alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, na mwanangu wakati huo alikuwa gredi ya tatu. Ripoti zake zote zilisema anaendelea vizuri. Nikamwekea kitabu chake cha hadithi, akanisomea ukurasa mzima bila hata kuutazama vizuri. Nikampa kitabu kingine asichokijua, akashindwa mstari wa kwanza. Miaka mitatu mtoto alikuwa akikariri sauti za wenzake, na katika darasa lile hakuna aliyemgundua. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Yeye alingoja hadi tarehe 4 Januari 2021, na ilipofika siku hiyo alikuwa anasoma gazeti. Sasa niambie, mwalimu, ningemrudisha akafuate nini?

MWALIMU: Mamangu, hilo la kukariri nalikubali na linaniuma, maana nami nimewapitisha watoto wa namna hiyo. Mwaka 2003 serikali ilipoondoa karo ya msingi, wanafunzi nchini waliruka kutoka chini ya milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 kwa mwaka mmoja. Walimu hatukuongezeka kwa kasi hiyo. Darasa la watoto 80, mwalimu atamsikiliza nani akisoma? Lakini miezi ile unayoisifu, wewe ulikuwa nyumbani na intaneti, na wakati, na shahada. Wanafunzi wangu walikuwa na redio, vipindi vya taasisi ya mitaala, KICD, vikirushwa, kama betri zipo. Wavulana waliingia kwenye boda boda na wengine hawakurudi tena. Wasichana wengine walirudi na mimba. Nyumba iliyomfungua macho mwanao ndiyo hiyo hiyo iliyowapoteza wao.

MAMA: Walizuiwa nyumbani bila mtu wa kuwafundisha. Mimi nilikaa na wangu nikamfundisha. Usivitie vitu viwili kwenye kapu moja.

JIRANI: Mimi niko kwenye kapu hilo, shoga, acha niseme. Nimesoma mpaka darasa la nne. Saa kumi alfajiri niko kwenye karai. Mwanangu akinijia na hesabu za sehemu namwambia amngoje mwalimu. Kwangu mimi shule ndiyo mahali pekee ambapo mwanangu anakutana na mtu anayejua kuliko mimi. Unaposema nyumba inatosha, unasema nyumba yako.

MAMA: Sikusema kila nyumba inatosha. Nasema yangu inatosha, na sheria isinifanye mhalifu kwa sababu ya zile zisizotosha. Halafu mna habari ya mdogo wake? Ana usonji. Shule ya kwanza iliniambia haina nafasi. Ya pili ilimpokea ikamweka nyuma ya darasa na kopo la vifuniko vya soda, achezee mpaka kengele. Kwangu sasa anahesabu pesa, anajua kuagiza kwa jirani mahamri na kurudi na chenji sahihi. Jirani ni shahidi.

JIRANI: Ni kweli. Chenji haimpiti.

MWALIMU: Kuna vituo vya tathmini vya EARC, viko tangu miaka ya 1980, kazi yake ni kumpima mtoto kama huyo na kumwelekeza shule yenye kitengo maalumu.

MAMA: Nilikwenda. Nilipewa karatasi. Shule yenye kitengo iko mbali, na kitengo kina mwalimu mmoja.

Hapa Mwalimu hakuwa na jibu, na mimi pia sina. Mtu yeyote anayetaka kuwarudisha watoto wote darasani kwa nguvu ya sheria aanze kwa kuwaajiri walimu wa kitengo hicho. Mtoto huyu hakuondolewa shuleni na mama yake. Shule ilikuwa imemtoa tayari, angali amekaa ndani yake.

Mazungumzo yakahamia Lamu.

MAMA: Mwalimu, wewe mtu wa Lamu unanishangaza ukizungumza kana kwamba kumfundisha mtoto nyumbani ni jambo la wageni. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, yapata mwaka 1858, hali yake ya afya si nzuri, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi mzima wa mafunzo. Hakumpeleka popote. Alimketisha akamfundisha kwa Kiswahili ambacho leo maprofesa wanakichambua. Basi mimi nifungwe kwa kufanya alichofanya yeye?

MWALIMU: Utendi huo nimelelewa nao, na kwa kuwa nauheshimu nitakwambia kilichomo. Mama yule alimfundisha bintiye dini, adabu, na namna ya kumtumikia na kumridhisha mume. Alimpa kila alichokuwa nacho. Lakini ndani ya nyumba ile hakuwapo mtu wa kumwambia Mwana Hashima kwamba anaweza kuwa tabibu. Mama hakulijua hilo, kwa hiyo binti hakulisikia. Mapenzi ya mzazi ni makubwa, ila upeo wake unaishia pale anapojua. Mimi nimewafundisha wasichana ambao baba zao walishawapangia ndoa, wakasikia neno udaktari kwanza kutoka kinywani mwa mwalimu wa sayansi aliyetoka Kisumu, hajui hata kwao ni wapi.

MAMA: Na aliyemfundisha Mwana Kupona mwenyewe kutunga alikuwa nani? Si watu wa nyumba na mtaa wake? Nitajie mwanafunzi wako mmoja anayeweza kukamilisha ubeti wenye mizani na vina.

MWALIMU: Umenipata hapo.

Mimi namwona kila mmoja wao ameshika upande mmoja wa jambo hili. Utendi ule ulitungwa kwa ajili ya binti mmoja, ndani ya ukuta mmoja. Kisha ukatoka. Wanawake wengine waliunakili, wakaukariri, wakawasomea mabinti zao, na leo anayetaka anaweza kukubaliana nao au kuupinga. Mafunzo ya mama yule yalipata nguvu yalipoanza kusikiwa na masikio yasiyokuwa ya bintiye. Jambo linalonitia wasiwasi katika kusomeshea nyumbani kwa siku zetu ni nyumba ambayo mafunzo yake hayasikiwi na mtu mwingine yeyote, na mtoto wake haonwi na mtu mwingine yeyote.

BINTI: Naomba nizungumze, maana nyote mnanisemea. Nilisomeshwa nyumbani kwa mtaala wa ACE, ule ulioanzishwa Texas mwaka 1970. Unapewa vijitabu, unasoma mwenyewe, unajaza mwenyewe, unajisahihisha mwenyewe, ukimaliza unafanya mtihani wa kijitabu hicho. Nilipenda. Sikuwahi kuchapwa, wala kuitwa mjinga mbele ya watu. Nikiwa na miaka 10 nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko binamu zangu wote wakijumlishwa. Nilijifunza kukaa na swali gumu peke yangu bila kuogopa, na chuo kikuu naona wenzangu wengi hawana hilo.

MWALIMU: Na ulikosa nini, mwanangu?

BINTI: Kiswahili, mwalimu. Vijitabu vile havikuwa nacho. Kiswahili changu nilikipata kwa jirani na kwa wachuuzi wa samaki, na mpaka leo natetemeka nikiambiwa niandike insha. Nilijua marais wa Marekani kwa mpangilio kabla sijajua Fort Jesus ilijengwa na nani. Tena nilikosa kubishana. Kijitabu hakikubishii. Mara ya kwanza mtu kuniambia mbele ya watu kwamba nimekosea, na akawa sahihi, nilikuwa chuo kikuu tayari. Nilikwenda kulia bwenini. Wenzangu walishayazoea hayo tangu chekechea.

MAMA: Mimi wangu nawafundisha Kiswahili.

BINTI: Najua, mama. Ndiyo maana sisemi wazazi wangu walikosea, wala sisemi wewe unakosea. Nasema hakuna aliyekuja nyumbani kwetu akauliza, huyu mtoto Kiswahili chake kikoje? Mtu mmoja angekuja mara moja kwa mwaka akauliza hivyo, wazazi wangu wangerekebisha siku hiyo hiyo.

MWALIMU: Na huko mbele njia ni nyembamba zaidi. Chini ya mtaala mpya wa umilisi, alama za kutoka gredi ya tisa hazitokani na mtihani mmoja. Asilimia 20 zinatoka mtihani wa gredi ya sita, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane ambazo mwalimu huzipakia kwenye mfumo wa baraza la mitihani, KNEC, na asilimia 60 ndizo za mtihani wa mwisho. Mtoto wa nyumbani, nani atampakilia zile tathmini?

MAMA: Hilo ndilo linalonikasirisha. Mtaala huu ulipoanza 2017 tuliambiwa mzazi ni mshirika. Usiku tulikuwa tunakata maboksi, tunatafuta mbegu na manyoya ya kuku kwa ajili ya kazi za watoto. Ushirika huo ukifika kwenye alama, mzazi hajulikani. Kwa hiyo tunasukumwa kwenye mitihani ya Cambridge, tunalipia kwa fedha za kigeni, na mtoto anazidi kuwa mgeni kwao. Serikali ingenipa shule moja ya karibu ambako mwanangu angefanyia tathmini zile chini ya mwalimu, ningemleta kesho.

Hoja hii ya Mama nasimama nayo kwa miguu miwili. Watahiniwa wa binafsi si jambo jipya Kenya; kwa miaka mingi watu wazima wamefanya mitihani ya KNEC bila kuketi darasani. Kufunga mlango wa mtihani hakumrudishi mtoto shuleni. Kunamhamisha tu kwenye mtaala wa nchi nyingine, na kunamfungia nje kabisa mzazi asiye na fedha za kigeni.

JIRANI: Mnaongea habari za mitihani na mimi nina habari ya vyoo. Shoga, nikwambie jambo na usikasirike. Ulipokuwa na mtoto pale shuleni, wewe ndiye uliyekuwa ukisimama kwenye mkutano wa wazazi. Uliuliza pesa za ukarabati ziko wapi, ukataka risiti, ukaandika barua kwa ofisi ya elimu. Sisi wengine tukisimama tunaambiwa tuketi. Tangu uondoke, choo cha wasichana kimebomoka mlango na hakuna aliyeandika.

MAMA: Nisimweke mtoto wangu mateka ili choo kitengenezwe.

JIRANI: Wangu wamo humo humo.

MWALIMU: Watu hudhani hasara ya shule mtoto akiondoka ni fedha. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi. Akiondoka mmoja, shule haianguki. Kinachoondoka naye ni mzazi anayejua kusoma bajeti. Bodi ya shule kwa sheria ina wawakilishi 6 wa wazazi. Nimeketi na bodi ambazo wote 6 walitia sahihi bila kugeuza ukurasa. Siwalaumu, hawakusomeshwa. Lakini wale waliosomeshwa wamepeleka wana wao shule za binafsi, na sasa wengine wanawapeleka sebuleni, na shule ya umma inabaki na watoto ambao wazazi wao hawana sauti. Tena shule haiwafai waliomo tu. Busia, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walifuatilia dawa za minyoo zilizotolewa shuleni wakakuta kwamba hata watoto wa jirani ambao hawakumeza kidonge walipungukiwa na minyoo. Mwanao anafaidika na shule yetu, mamangu, hata asipoingia lango lake.

Mimi naliona hili kuwa kiini cha upande wa umma, na watetezi wa kusomeshea nyumbani hulipita haraka mno. Hao watafiti wa Busia hawakuhubiri umoja. Walipima vinyesi vya watoto. Alichopewa wa darasani kilimlinda na wa nje.

MAMA: Basi tuzungumzie pia yale ambayo wa nje anaepushwa nayo. Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini. Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001 na vinachapwa mpaka leo. Tume ya walimu imewafuta walimu kwa kuwaingilia wasichana. Marekani, Ofisi ya Sensa ilikuta familia za watu weusi zinazosomesha nyumbani zimepanda mwaka 2020 kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1 ndani ya miezi michache. Wengine wao waliona namna wana wao wanavyotazamwa darasani. Mzazi akiogopa shule, msimwite mshamba.

MWALIMU: Sikuiti hivyo. Nilizika mwanafunzi, najua unachosema. Lakini hao 67 na hao 21 tunawajua idadi kwa kuwa palikuwa na daftari. Januari 2018, mjini Perris, California, msichana wa miaka 17 alitoka dirishani akawapigia polisi. Ndani walikuwamo ndugu zake 12, wengine wamefungwa minyororo kitandani, wamekonda mpaka watu wazima wakadhaniwa watoto. Nyumba ile ilikuwa imeandikishwa kama shule ya binafsi. Baba ndiye mwalimu mkuu. Hakuna aliyekwenda kutazama. Mimi siogopi mzazi kama wewe. Naogopa sheria itakayotungwa kwa ajili yako, akajificha ndani yake mtu wa namna ile.

BINTI: Ujerumani wamekataza kabisa, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawaunga mkono: watoto wa makundi mbalimbali wakutane mahali pamoja. Uingereza wameruhusu, na vuli ya mwaka 2024 watoto waliosomeshwa nyumbani walizidi 110,000, huku kwa miaka mingi halmashauri zikiwa hazina daftari kamili la watoto hao. Nikiulizwa mimi niliyepitia, sitaki la Ujerumani. Lingeniibia utoto wangu. Wala sitaki kutojulikana.

MWALIMU: Mwaka 2004, kule Eldoret, Mzee Kimani Maruge mwenye miaka 84 alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza. Wajukuu zake walikuwa shule hiyo hiyo. Angeweza kuwaketisha jioni wamfundishe. Alitaka kuketi na wengine na jina lake lisomwe asubuhi. Nikikumbuka mzee yule huwa najiuliza kwa nini tumwondolee mtoto jambo ambalo mzee alilitafuta hivyo.

MAMA: Alichagua, mwalimu. Hakuna askari aliyemburuta.

Muda mrefu wakabaki kwenye jambo moja tu: daftari. Mama alikubali kuandikisha wanawe, lakini si kwa chifu. Alisema chifu atakuja na mkono mtupu aondoke na mkono uliojaa, na mwenye nyumba ndogo ndiye atakayesumbuliwa zaidi. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Mwalimu akapendekeza daftari likae kwa mwalimu mkuu wa shule ya umma iliyo karibu: mtoto aandikwe kama wa shule hiyo anayesomea nyumbani, aje kila muhula kusoma kwa sauti na kufanya tathmini, apewe dawa za minyoo pamoja na wenzake, alama zake zipakiwe na mwalimu wa gredi yake. Mimi nauunga mkono mpango huo kuliko mwingine wowote niliousikia, kwa sababu unampa mtoto mtu wa pili wa kumtazama, na unampa mwalimu mzigo anaouweza.

JIRANI: Na bodi je?

MAMA: Bodi ni ya wazazi wa shule.

JIRANI: Mwanao akiandikwa pale, wewe si mzazi wa shule? Hata wakikukatalia, kwenye bodi kipo kiti cha makundi ya jamii. Kigombee hicho.

MAMA: Mlango wa choo utawekwa kwanza, ndipo nije?

JIRANI: Utawekwa ukija. Mkutano ni Alhamisi saa nane. Nitakushikia nafasi mbele, na ukiambiwa uketi, safari hii hutasimama peke yako.